Saimi, Uliyenilindia Macho

Mwaka umetimia, dada Saimi, tangu tukulaze kwenye udongo wa mji wetu, Kuhmo, na kurudi nyumbani kunywa kahawa bila kelele zako. Bado tunapika nyingi kupita kiasi, maana wewe peke yako ulikuwa unamaliza nusu birika.

Ulianza kupoteza macho ukiwa msichana. Jioni ukiteleza kwa ski juu ya theluji kutoka shule uligonga ghala la jirani, ukasimama, ukaliomba radhi ukidhani ni mtu. Tulicheka wote. Baba hakucheka. Alikupeleka Helsinki, na huko madaktari wakaeleza kwamba mwili wako hushindwa kusaga kitu fulani kilichomo kwenye nyama, samaki na maziwa. Kitu hicho hujaa kwenye damu na kuyala macho polepole, kuanzia pembeni kwenda katikati. Baba na Mama, wenye macho mazima, ndio waliokurithisha bila kujua.

Mama alilia wiki nzima. Ukamwambia, "Mama, acha. Kwani ulinitilia kwa kijiko?"

Kisha ukauliza swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza: "Na Irja je?"

Mimi ndiye Irja, mdogo wako. Nilikuwa na miaka mitano. Walinipima damu, wakakuta ninao ugonjwa uleule, ila macho yangu yalikuwa bado hayajaguswa sana. Daktari akasema nikishika mlo mkali tangu sasa, huenda yakadumu. Kwako wewe hakuahidi kitu. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

Basi nikawekewa viazi, karoti, matunda ya msituni, mkate maalumu uliokuwa mkavu kama kadibodi, na ule unga wa dawa wa kukorogwa na maji, wenye harufu ya soksi. Siku ya kwanza niliutema. Ukavuta kiti, ukamwambia Mama, "Nami nitilie hivyohivyo." Wewe uliyempenda samaki wa moshi kuliko mtu yeyote Kuhmo! Ukaunywa wote, ukakunja uso, ukasema, "Mbaya kweli. Haya, zamu yako."

Hatutasahau ile Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, moto mkubwa umewashwa kando ya ziwa, na mjomba Eino akaninyooshea soseji.

"Kipande kimoja tu, mtoto wa watu anakonda! Hakiui hicho."

"Hakiui," ukasema, "kinakula macho. Yangu yameshaliwa, mjomba. Ya huyu huyapati."

Akanuna mpaka asubuhi. Mwaka uliofuata alileta mahindi, akayachoma mwenyewe kwa ajili yetu, akitusimamia tule kama askari.

Ulifanya kazi kwenye simu za kituo cha afya mpaka ulipostaafu. Watu walikuwa hawajamaliza salamu, wewe umeshawajua. "Mzee Keränen, kikohozi hicho si cha leo. Njoo, tena usiniambie habari za ng'ombe." Akaja, akapona, akakuletea siagi usiyoweza kula. Urho, mumeo, aliila kwa niaba yako kwa moyo mkunjufu. Huyohuyo Urho alikupeleka dansi za tango kila Jumamosi, na kila ulipomkanyaga ulisema yeye ndiye haoni.

Nilipofika umri wa kuendesha gari, ulikuja nami kupimwa macho. Ulikaa nje ya mlango ukivunjavunja vidole. Nilipotoka hukungoja niseme.

"Umepita. Nimesikia unavyotembea."

Ukanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Halafu ukalia, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, na kunikaripia kwa kukutazama.

Giza lilipokufunika kabisa hukulipa heshima kubwa. Ulisuka, ulioga sauna, ulibishana. Mwishowe moyo ndio uliochoka. Siku ile hospitalini ulinishika mkono.

"Irja, unaona mpaka wapi?"

"Ng'ambo ya ziwa. Kuna mama anaanika mashuka."

"Ya rangi gani?"

"Meupe. Moja lina maua ya buluu. Upepo umeliangusha, analikimbiza."

Ulicheka, ukafumba macho, ukasema, "Vizuri. Nimekula vizuri maisha yangu yote."

Dada, ninayaandika haya kwa macho yangu mwenyewe.

Unakumbukwa na mumeo Urho, binti yako Kerttu na mkwe wako Tapani, wajukuu zako Aila na Veli, mjomba Eino aliyetimiza miaka tisini, jamaa wote wa ukoo wetu wa Moilanen, na mimi mdogo wako.

Pumzika, Saimi. Maadamu mmoja wetu yuko hai, hutasahaulika.