Jua ya Mwalimu na Uso ya Mama

Élisabethville, siku ya yenga, siku ya misa, magaribi

Eti makosa iko ya uso ya mama yangu!

Nimerudi ku masomo ya foto na roho inawaka. Mwalimu wetu, ule Mubeleji anayetufundisha kisha misa kuisha, alinyanyua foto niliyomupiga mama, bote baione. Kitambaa ya mama inaonekana, maua moja moja. Lakini uso iko giza tupu, sawa makala ya jiko.

Akacheka. "Bantu beusi banashinda aparei ya foto. Hakuna dawa."

Na mimi nilifuata sheria yake mwenyewe! Ni yeye alisema jua ikuwe ku mugongo ya mwenye kupiga foto. Nikamusimamisha mama mu jua kali ya saa sita, macho inafunga-funga. "Mutoto yangu, jua inaniua," alisema. Nikamuambia avumilie.

Leo nilimuonyesha ile foto. Aliiangalia sana, akasema tu: "Kitambaa imetoka muzuri." Uso, hakuuliza. Akarudi kukaa ku baraza, mu kivuli.

Pale ndipo niliona. Ukuta ya jirani, ya chokaa nyeupe, ilikuwa inamurudishia mwangaza polepole. Mashavu, chale za ujana wake, yote wazi. Kumbe dawa iko!

Kesho asubuhi nitamupiga palepale. Aparei nitaikalisha juu ya meza isitikisike, nifungue jicho yake muda kidogo zaidi.

Kesho ile magaribi treni inamurudisha mama kwao Kasai, na sijui kama tutaonana tena. Mimi sitabakia na foto ya kitambaa tu.