Benchi Moja la Zege

Dada yangu Ragnfrid,

Theluji imefika madirishani, na ng'ombe wa mama amezaa. Unataka niwaambie wanakijiji kwamba wakati wa vita nilibaki kiwandani na Wajerumani ili niwapelekee Waingereza siri za yale maji mazito waliyoyataka kwa bomu lao la atomiki. Sisemi! Niliapa kunyamaza.

Mpaka leo nikikaa benchini wanainuka, kama walivyowafanyia Wajerumani walipoikalia nchi yetu. Juzi Bi Borghild wa dukani kanivaa: "Kibaraka we, huna haya?" Nikamwambia, "Ninayo, bibi. Kaa tuongee." Akaondoka.

Sasa mhandisi wa kituo chao kipya cha basi ni mimi. Nimewajengea benchi moja tu la zege, ukuta hadi ukuta, na nitakaa katikati. Anayetaka kuinuka ainuke, akasubirie basi nje kwenye theluji.

Kaka yako, bado nimekaa,
Torgils