Nimevunjika, Usiulize Wapi

Kaka, niko hospitali. Nimevunjika uume. Umesoma vizuri. Kumbe unavunjika.

Nilimwambia daktari nimeteleza bafuni. Akanijibu, "Uume uliolala hauvunjiki. Huko bafuni uliusimamishia nani?"

Uliusimamishia nani. Mbele ya nesi, kaka.

Shemeji yako uvumilivu ukamwishia. "Daktari, tulikuwa kitandani, mimi ndiye nilikuwa juu. Nilirudi chini vibaya, tukasikia ko, kama karoti."

Kama karoti.

Daktari akasema mkao huo, ukichanganya na pupa, ndio unaomletea wagonjwa wengi wa aina yangu.

Naingia kupasuliwa sasa hivi. Anasema nimewahi, nitapona.

Shida ni mama mkwe. Aliambiwa tu kwamba nimevunjika. Yuko hapo mlangoni, ameniletea magongo.