Mguu wa Baba na Wimbo wa Waingereza

Hospitalini, wodi ya wanaume,
Jumatano mchana.

Kwa kaka yangu Alban,

Pokea salamu zangu, ingawa najua unazipokea kwa shingo upande. U hali gani huko kambini? Mkeo Jessamy ameniambia mtoto anaota meno na usingizi mmeusahau, poleni sana. Mimi mwili ni mzima, ila viganja vimejaa malengelenge ya kamba na moyo umechoka kabisa. Baba ni mgonjwa, Alban. Simu zangu hupokei tangu ile video isambae, ndiyo maana nimeomba karatasi kwa manesi. Mkeo amekaa hapa pembeni anakunywa chai mbaya ya mashine, anangoja nimalize akuletee mkononi. Tafadhali usiichane. Isome mpaka mwisho.

Nimesikia uliyomwambia Jessamy, kwamba mimi ni Baba mtupu, na kwamba askari wenzako wanakucheka. Una haki ya kukasirika. Dada yako, nahodha wa timu ya wanawake ya Uingereza ya kuvuta kamba, amekaa kitako kwenye majani wakati wimbo wa Mfalme unapigwa, na Waskoti wamekodoa macho. Wewe umezika rafiki zako kwa wimbo ule. Lakini hiyo video imeonyesha nusu tu ya mambo.

Yalianzia kwenye mguu. Kile kidonda cha kisukari kilipanda kutoka kidoleni hadi kwenye kifundo, na daktari akasema hakuna dawa tena, ukatwe chini ya goti. Baba akakataa. Nilidhani ni woga, nikaanza kumbembeleza. Akasema mbele ya nesi kwamba amefikisha uzee huu hajawahi kusimama kwa wimbo wa nchi yake, kwa sababu Uingereza yenyewe haina wake, ule wa Mfalme ni wa ufalme mzima, Waskoti na Wawelshi wamo, na mguu hauondoki kabla haujafanya kazi hiyo. "Waingereza wapate wimbo wao kwanza," akamwambia daktari, "halafu chukueni hata yote miwili, mkafanyie supu." Nesi akacheka. Mimi sikucheka, namjua Baba.

Hotuba yake unaijua tangu tukiwa wadogo. Waskoti wanaimba milima yao, Wawelshi wanaimba mababu zao, na sisi tunasimama kumwombea bosi, tena bosi mwenyewe ni wa wote. Niliwahi kumkumbusha kwamba alisambaza barua miaka yote akiwa na taji la mfalme kwenye koti, akanijibu kwamba lile lilikuwa taji la mshahara. Huwezi kubishana naye.

Basi nikaenda kwenye kamati ya chama chetu. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Nikawaeleza kwamba Jumamosi tunavutana na Waskoti kwenye uwanja wa maonyesho ya mifugo, Baba atakuwepo, tupigieni wimbo wa Waingereza mara moja tu, mguu wa mtu unaoza. Utashangaa, wote walikubali. Hata mwenyekiti, Bwana Heslop, yule mwenye picha ya Mfalme chooni kwake, alisema ni aibu Waingereza kuazima wimbo kila siku. Ndipo mtu akauliza ni wimbo gani. Heslop alitaka ule wa kanisani ulioimbwa kwenye harusi ya mama yake. Katibu akasema Mungu hamtaki humo. Mwingine akataka ule wa mashabiki wa mpira, akaambiwa huo wa walevi. Bibi mmoja akasema sisi si watu wa kujisifu, ni afadhali tusimame kimya. Waligombana mpaka biskuti zikaisha, kisha wakapitisha kwamba, kwa kuwa hawakubaliani, upigwe ule ule wa Mfalme. Nilitoka nikalia kwenye gari. Baba anakufa kwa sababu Waingereza hawawezi kuchagua wimbo, ndivyo nilivyowaza, na sikuwa na wa kumlaumu.

Sikumwambia. Nilishindwa. Jumamosi jirani yetu Tully alimleta kwa kiti cha magurudumu, blanketi magotini, kofia kichwani, pai ya nyama mkononi, anatania ng'ombe wa watu. Tulijipanga, Waskoti wakaimba wimbo wao kwa sauti kubwa mpaka kondoo wakageuka. Kisha kipaza sauti kikaanza ule wa Mfalme. Nikajua kule nyuma watu wote wamesimama na Baba yuko chini peke yake, kama ilivyokuwa utoto wetu wote, watu wanamtazama na sisi tunatazama viatu vyetu. Safari hii na mguu unanuka. Sikuwa na siasa yoyote, Alban. Sikutaka tu awe peke yake. Nikakaa.

Nilipogeuza kichwa kumtafuta, nilimwona amesimama.

Ndiyo, Baba. Amemshika Tully bega, kofia ameivua, amekanyaga chini kwa mguu ule ule. Kamera zote zilikuwa kwangu, hakuna aliyempiga picha.

Tulivuta, tukashindwa. Kwenye hema la chai akaniuliza kwa hasira nilikuwa nakaa nini, mjinga mimi. Nikamuuliza na yeye alikuwa anasimama nini. Akakoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema hakusimama kwa ajili ya Mfalme, wala kwa ajili yangu. Akaniambia kuhusu siku yako ya gwaride, ulipohitimu uaskari, siku aliyobaki amekaa wakati wa wimbo, na tangu hapo ninyi wawili mkaacha kuongea. Anasema wimbo ulipokuwa unapigwa alikuona unamtafuta. "Alinitafuta kwenye vichwa vya watu," akasema, "na mimi niko chini huku, simwiti." Hajawahi kuisahau sura yako. Mambo ya wimbo wa Waingereza anayaamini mpaka leo, lakini kwenye suala la mguu alikuwa amejificha tu nyuma yake. Jessamy alikuwa amemwambia labda utakuja uwanjani. Alisimama ili umwone. Akakutafuta kwenye vichwa vya watu, na hukuwepo.

Nakwambia ukweli, iliniuma. Mimi ndiye ninayemwosha kile kidonda, mimi ndiye niliyekaa kwenye majani mbele ya dunia, na siku pekee aliyosimama haikuwa yangu. Nimelia kwa hilo pia. Chama kimeninyang'anya unahodha, tutaliongea siku nyingine.

Sasa sikiliza. Kule kusimama kulifungua kidonda. Tangu jana ana homa kali. Daktari anasema asipokubali kabla ya kesho asubuhi sumu itaingia kwenye damu, na hapo hakuna cha kukata. Baba bado anakataa, na wimbo hautaji tena. Anasema tu, "Alban hajaona." Asubuhi hii amenikataza nisikuandikie, eti mtu haitwi kuja kuombwa radhi. Kiburi kile kile, na wewe umekirithi chote, usinibishie.

Kwa hiyo nakuomba, kaka, uje leo. Usije kumhubiria wala kumsamehe kwa maneno, atakufukuza. Vaa sare yako, simama mlangoni pa wodi. Atataka kuinuka kitandani. Manesi watakuja mbio, waambie wamwache kidogo. Mwangalie amesimama, umwangalie vizuri, halafu mpe kalamu asaini. Na kama itabidi uimbe, imba ule ule wa Mfalme, kwa kuwa mwingine hatuna. Mimi nitasimama pamoja nanyi.

Wabusu watoto, na umwombe radhi Jessamy kwa chai aliyoinywa. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Rowena