Ibada ya Saa Tisa

Oakdale, Minnesota
Jumatatu, 17 Novemba 2025

Mpendwa Dada Alice,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana mwanao Eliezer ameniambia goti limeanza tena kukusumbua na wewe hukubali kupumzika. Je, ulirudi kwa daktari kama ulivyoahidi? Na Mama anaendeleaje na macho yake? Nimesikia mvua za kwanza zimeshanyesha Mpwapwa na kwamba mmepanda karanga shamba la chini. Ninaliona shamba lile kabisa, hata pale penye kichuguu.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeingia na asubuhi ninakwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla ya kwenda kazini. Bado ninapanga vifurushi kwenye ghala, Jumatatu hadi Ijumaa. Mguu ulioteguka mwezi wa nane umepona.

Umeniuliza tena habari ya mke. Jibu ni lile lile, na ukiuliza mwakani nitalinakili kutoka hapa.

Nyumba ninayopanga ni ya vyumba thelathini na sita. Majirani ni watu wema. Wananishikia mlango, wanatabasamu, wananiambia habari za hali ya hewa, halafu kila mmoja anaingia kwake na ninasikia kitasa. Wewe unajua tabia yangu ya kuandika shajara. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiweka alama ndogo pembeni kwa kila siku ambayo sikuzungumza Kiswahili na mtu ana kwa ana. Mwezi Septemba alama zilikuwa kumi na tisa. Nikaacha kuziweka.

Sasa niseme habari ya kanisa, kwa kuwa uliniuliza kwenye simu waumini wamefika wangapi, nami nikasingizia mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, dada. Nilikuwa sitaki kuitaja hesabu.

Tulianza Jumapili ya tarehe 2 Februari. Kanisa moja la wazee wa Kizungu huko Roseville lilitupatia ukumbi wake wa chini, bure, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Nikapanga ibada iwe saa tisa, ili mtu apate kula kwanza. Nilichapa vikaratasi mia tatu, nikavigawa kwenye maduka ya Kiafrika ya Brooklyn Park. Jumamosi nilizunguka nikitembelea watu. Hapa hupigi hodi mlangoni. Unasimama nje chini, unabonyeza namba ya chumba, halafu unajieleza kwenye kikasha cha chuma wewe ni nani na umefuata nini. Siku nyingine nilijieleza mara nane na nikarudi nyumbani bila kuona uso wa mtu. Walikuwa wamelala, lakini mimi nilidhani wananikwepa.

Wengi wa watu wetu ni Wakenya, wengine Wakongo, na sisi Watanzania wachache. Karibu wote wanafanya kazi ya kutunza wagonjwa na wazee. Watoto wao wanaelewa Kiswahili vizuri lakini ukiwasalimu wanakujibu kwa Kiingereza. Davis, kijana Mkenya anayesomea uuguzi, anapiga kinanda.

Wa kwanza kabisa kuja alikuwa mama mmoja wa Uvira, jina lake Joyeuse. Alipata kikaratasi dukani kwenye unga wa muhogo. Jumapili ile ya kwanza tulikuwa yeye na mimi na Davis, na aliimba kama tuko mia mbili. Yeye ndiye aliyewaleta Wakongo wengine.

Basi kila Jumapili nilihesabu na kuandika. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi. Kiangazi kikapita, hesabu haikupanda. Kundi letu la Wasap lina watu themanini na nne, wote wanasema amina, lakini viti nilivyopanga vilibaki vitupu. Nikaanza kukasirika. Nilihubiri juu ya watu vuguvugu, Jumapili mbili mfululizo. Wenye kanisa walinikumbusha kwa upole kwamba wanataka kujua kabla ya mwisho wa Novemba kama tutauhitaji ukumbi mwakani. Nikaandika kwenye shajara: tukiwa chini ya ishirini, ninafunga.

Tarehe 5 Oktoba nilifanya jambo ambalo sijui nikuelezeje.

Nilikuwa katikati ya mahubiri. Joyeuse aliingia saa kumi kasorobo akiwa na sare yake ya kazi, akakaa nyuma karibu na mlango, na baada ya dakika chache akasinzia, kidevu kifuani. Nikamtazama, nikasema, "Wako watu wanaomletea shetani nguvu zao, na Mungu wanamletea usingizi."

Watu wakacheka. Joyeuse aligutushwa na kile kicheko, akadhani amepitwa na neno zuri, akanyoosha mkono juu akasema, "Amina."

Wakacheka zaidi. Na mimi nilicheka, dada. Jirani yake akamnong'oneza. Nikaona mkono wake ukishuka. Alikaa wima mpaka mwisho, akaosha vikombe vya chai kama kawaida yake, akaniaga vizuri. Tarehe 12 hakuja. Tarehe 19 hakuja, wala 26. Wakongo wengine nao wakaanza kupungua.

Nilimpigia simu mara mbili, haikupokelewa. Nikajiambia amekasirika kwa kuwa ameguswa na ukweli. Hayo nayo nimeyaandika, yapo.

Tarehe 2 Novemba, watu walipokwisha kuondoka, alibaki Wanjiku, Mkenya wa Murang'a ambaye huwa anasema mambo yake bila kuzungusha. Akavaa koti lake pole pole, kofia, glavu, ndipo akaniuliza kama ninajua saa tisa ni saa gani kwao. Nikamwambia ni saa ya ibada.

"Pasta, ni saa ya kubadilishana shifti," akasema. "Town hii yote. Ukitoka, unatoka saa tisa. Ukiingia, unaingia saa tisa. Hukuuliza mtu?"

Sikuuliza mtu. Nilijua wanafanya kazi kwa zamu, kama vile ninavyojua kuna mvua, lakini sikuwahi kuuliza zamu inaanza na kwisha saa ngapi. Kwenye ghala letu tunaingia asubuhi, tunatoka jioni, na Jumapili ni Jumapili.

Wanjiku akaniambia kwamba siku ile Joyeuse alikuwa ameingia kazini Jumamosi saa tano usiku, akaunganisha na zamu ya asubuhi kwa sababu mwenzake hakutokea. Saa kumi na sita akigeuza wazee vitandani.

"Angeenda kulala kwake," akasema. "Alikuja kulala kwako. Na wewe ukawafanya watu wamcheke."

Akachukua mkoba wake akaenda. Kesho yake nilipotoka kazini nilifungua shajara nikafanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Siku zote nilikuwa naandika jumla pamoja na majina, lakini nilikuwa nasoma jumla tu. Sasa nikayapanga majina kwenye karatasi moja, Jumapili kwa Jumapili. Davis yupo tarehe 7 Septemba, hayupo 14, yupo 21, hayupo 28. Wanjiku hivyo hivyo. Waliokuwepo tarehe 14 ndio waliokuwepo tarehe 28. Nikampigia Davis simu kuuliza, akashangaa kwamba sijui: huko kwao kila mtu hufanya kazi wikendi moja, anapumzika nyingine. Wenye zamu ya jioni, wikendi yao ya kazi ikifika hawawezi kuja kabisa.

Kumbe hawakuwa kumi na moja waliogoma kuongezeka. Walikuwa ishirini na watatu, makundi mawili yasiyojuana, na yote mawili nimeyahubiria uvuguvugu. Mtu mmoja tu ndiye jina lake lilikuwepo kila Jumapili kuanzia Februari hadi tarehe 5 Oktoba bila kukosa hata moja. Unamjua.

Jumamosi ya tarehe 8 nilikwenda Brooklyn Park. Nikabonyeza namba yake. Ikaja sauti ya mtoto kwa Kiingereza, kisha ya kwake. Nikasema ni mimi, Nestor, na kwamba sikuja kuhubiri. Mlango wa chini ukalia, ukafunguka.

Alikuwa anasonga fufu, ugali wao wa muhogo. Mume wake, Anicet, alinipa kiti akazima televisheni, na sikupenda aizime, maana sasa palikuwa kimya kabisa. Nilisema nilichokwenda kusema. Sikumweleza habari za ukumbi wala hesabu. Nilisema nilimdhihaki mbele ya watu alipokuwa amechoka, na kwamba sikuwa nimemuuliza ametoka wapi.

Aliendelea kusonga. Halafu akasema, "Hasira ingekuwa kitu chepesi, Pasta. Mimi nilisikia aibu. Kazini wazungu wananiita na kidole, ninazoea. Nilisema kanisani angalau ni kwetu."

Anicet akaniuliza kama ninakula sombe, yaani kisamvu. Nikala. Nilipoaga, Joyeuse aliniambia amenisamehe, lakini kuhusu kurudi haahidi kitu. Nikasema sawa.

Kesho yake, tarehe 9, nikasimama mbele ya watu nikakiri yote. Walitazamana. Mzee mmoja wa Kisii akainua mkono kuuliza tunazungumzia jambo gani, kwa kuwa yeye tarehe 5 alikuwa kazini. Wote walikuwa kazini. Nilikuwa nimekiri kwa kundi lisilohusika. Hata katika toba nilisahau kutazama karatasi yangu.

Kwa hiyo jana, tarehe 16, nikakiri tena, safari hii mbele ya wale waliocheka. Hakuna aliyecheka. Joyeuse hakuwepo. Saa kumi ikafika, saa kumi na nusu tukafunga kwa sala, na muda wote nilikuwa ninatazama mlango, mpaka Davis akageuka kutazama ninaangalia nini. Walipokwenda nilibaki peke yangu kukunja viti. Huku sasa giza linaingia kabla ya saa kumi na moja. Nilikuwa nimeshaamua kufunga, dada: majina yalizidi ishirini, lakini niliyemfukuza hakurudi. Nilikuwa ninapanga kichwani maneno ya kuwaambia wenye ukumbi.

Saa kumi na moja na robo mlango ulifunguliwa. Aliingia na sare yake na koti kubwa juu, theluji mabegani. Aliyetakiwa kumpokea zamu alichelewa, ikabidi amsubiri. Akatazama viti vilivyokwisha kukunjwa, akakikunjua kimoja, akakiweka mbele, wala si nyuma, akakaa.

Nikaanza kumwambia nilichowaambia watu.

"Hayo nimeshapigiwa simu na watu wanne," akasema. "Nikusaidie viti, au utahubiri?"

Nikahubiri. Nilisimama mbele ya mtu mmoja, nikafungua Biblia pale pale nilipofungulia watu saa tisa, na nilijikuta nikisema polepole, kama ninavyosema na wewe. Zilipita kama dakika ishirini. Alipoona inatosha akasema watoto wanasubiri chakula, tukaomba, akaenda.

Leo asubuhi kabla ya kazi nimepita Roseville nikawaambia wenye kanisa kwamba tunauhitaji ukumbi mwaka mzima. Wamekubali tuanze saa kumi na nusu. Wenye zamu ya jioni bado watatukosa wikendi zao, na kwa hao nimeanza kuuliza, mmoja mmoja, lini wako nyumbani na wameamka. Nyumba yangu haijabadilika. Nimeingia jioni hii, nikasikia vitasa vya watu, nikakaa mezani kukuandikia.

Na sasa lile lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu. Mwaka 2009 mimi nilikuwa karani wa kanisa letu. Wazee waliniagiza niandike majina ya waliokosa ibada mara tatu, yasomwe mbele ya watu. Wewe ulikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi. Nilijua, maana nilikuwa ninaishi kwako na kula kwako. Jina lako niliandika la tatu, kwa mwandiko mzuri, na nikalisoma mwenyewe. Ulirudi nyumbani ukatenga chakula, na mpaka leo hujawahi kunitajia. Miaka kumi na sita nimeliona kama jambo lisilokuwepo. Dada, nilikosa. Naomba unisamehe. Usinijibu kwa Eliezer, wala kwa simu mbele ya watu. Niandikie, hata mistari miwili.

Mwambie Mama ninamwombea kila asubuhi. Wasalimie sana Eliezer na mkewe, shemeji yetu Cyrus, na Keziah mdogo ambaye nasikia anataka kusomea uuguzi. Mwambie asome, na siku yake ya kazi Mungu ataijua.

Bwana akupe usingizi mtulivu, wewe uliyekesha kwa ajili ya wengine, na akuponye goti.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Nestor