Mkunga Hana Tarehe ya Mwisho

Tarehe 2 Februari

Kwako Miguu Mbele, mjukuu wangu,

Hujambo wewe, na hao wa ofisini kwako hawajambo? Sisi huku wazima, ukiacha magoti, na magoti siyahesabu tena kuwa yangu. Yamehamia upande wa adui. Unakula? Usinijibu kwamba unakula. Picha uliyotuma nimeiona, shingo imekuwa ya korongo.

Anayeandika ni Dada wa Pasi kama kawaida. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asiyanyooshe maneno yangu kama anavyonyoosha mashati. Simu sitaki. Inanizomea sikioni, na ikikatika maneno yamekwenda na upepo.

Ile programu uliyosema, ya kuwatajia wateja bei na kuwakumbusha malipo ya kila mwezi, nilikuwa nakataa, sasa nimekubali. Mwezi uliopita nilimdai Mwalimu mara mbili. Akalipa mara mbili, kimya, akaniaga kwa adabu zake zote. Mkewe ndiye aliyekuja kuniambia, naye aliona haya kuliko mimi. Mjukuu wangu, watu wakianza kukuonea huruma badala ya kukugombeza, ujue kichwa kimeanza kuvuja. Nimefua nguo za watu tangu baba yako hajaota meno, na bei zote nilikuwa nazo hapa kichwani: nani analipa kwa mwezi, nani kwa beseni. Sasa zinaambukizana rangi kama nguo zilizolowekwa pamoja.

Mkunga anakusalimu. Amekalia ndoo yake kama kila Jumamosi, anakosoa ninavyokunja shuka. Anasema tusiwe na haraka na mambo ya kompyuta, maana hata wewe ulikuja duniani kwa haraka ukatanguliza miguu, na aliyehangaika ni yeye.

Tafuta chombo kizuri. Mimi sijui hata kinafananaje.

Bibi yako, Dobi


Tarehe 15 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Barua yako imefika, nimeisoma nimesimama. Pole na magoti. Ofisini hawajambo, nami ni mzima. Nakula, Bibi. Shingo ni ya baba, mlaumu yeye.

Nimetafuta, na sasa najuta kukushauri. Nilidhani ni kama kununua beseni: unatazama ukubwa, unaligonga usikie kama lina ufa, unalipa, unaondoka. Kumbe programu hizi ni nyingi mpaka mtu anasahau alichokuja kutafuta. Nimebaki na tatu.

Ya kwanza ni ya wakubwa. Nikauliza bei, wakanijibu nipange siku tuzungumze. Tukazungumza. Kijana mwenye tai akanionyesha picha za watu wanaocheka mbele ya kompyuta. Nikauliza bei tena, akasema inategemea. Nikauliza inategemea nini, akapanga siku nyingine. Bibi, wanauza chombo cha kumtajia mteja bei, na ya kwao hawaitaji.

Ya pili bei yake iko wazi, na nimepewa mwezi mmoja wa kujaribu bure. Lakini ina maswali kuliko mama mkwe. Ya tatu ni duni, kama imeshonwa nyumbani kwa uzi uliobaki. Hiyo nimeipita tu.

Hii ya pili inataka nijibu haya kwa kila mteja: bei yake, siku yake ya kulipa, na tarehe makubaliano yake yanapoisha. Nisaidie, maana nimekaa mbele yake kama mgeni asiyejua achukue kiti kipi.

Mjukuu wako, Miguu Mbele


Tarehe 26 Februari

Mjukuu wangu wa shingo ndefu,

Umeamkaje? Mimi nimeamka, na hilo tu ni habari njema kwa umri wangu. Kikohozi cha Dada wa Pasi kimepungua, ndiyo maana herufi leo zimekaa kwenye mstari.

Bei ni hizi, amekuandikia kwenye karatasi ya pili. Usiulize kwa nini hazilingani. Mjane wa fundi saa analipa nusu, na asijue mtu. Dereva wa lori analipa zaidi kwa sababu ya ile grisi, na yeye mwenyewe anajua. Bei ya mtu naijua nikimwona anavyolishika kapu lake. Sasa hicho chombo chako kitawaonaje watu? Kina macho?

Hilo swali la mwisho nilimwambia Dada wa Pasi alisome tena, nikadhani ameruka neno. Yanaisha lini? Makubaliano yanaishaje? Mteja anakuja leo, anakuja kesho, siku moja anahama. Au anakufa, na shuka za msiba wake nafua mimi, bure. Hakuna aliyewahi kuniambia atakoma lini, nami sijamwambia mtu. Nianze leo kumpangia mwenzangu siku, mimi ni nani?

Na Mkunga hana bei wala tarehe. Nguo zake zinafuliwa, basi. Vitovu vya wanangu wote alikata yeye. Nilimweleza swali lako akacheka mpaka ndoo ikasogea. Akasema mwambie mtoto huyo, mimi mwisho wangu hata Mungu hajaniambia.

Sijui kama nimekusaidia au nimekuvuruga.

Bibi yako


Tarehe 12 Machi

Bibi, shikamoo tena na tena.

Hapa salama, ila macho yamekuwa mekundu kwa kutazama kioo cha kompyuta. Wewe je, unayakanda magoti kwa maji ya moto?

Nimewaingiza wateja wote kwenye ile ya pili. Namba zao za simu nilipewa na Dada wa Pasi. Nimechoka, na sina hakika nilichokifanya ndicho. Nikiweka sifuri kwa Mkunga, inakataa, inasema bei si sahihi. Nikiacha tarehe ya mwisho wazi, inakataa. Nikibonyeza mbele, inanirudisha nyuma. Mwishowe nimempa Mkunga bei ya kawaida, na wote nimewaandikia mwisho wa mwezi huu, ili mlango ufunguke tu nipite. Nitarekebisha baadaye. Usiogope, muuzaji amenihakikishia kwamba katika majaribio hakuna kinachotoka nje.

Nisalimie Mkunga. Mwambie nimemwekea tarehe ya uongo.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Aprili

Miguu Mbele,

Salamu leo utazikuta mwisho.

Ijumaa asubuhi watu walikuja. Mwalimu wa kwanza, amevaa koti, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta pole. Akaniuliza kama ni daktari aliyesema niache kazi. Daktari gani? Mjane wa fundi saa akaleta mayai kwenye kitambaa, akaniomba msamaha. Kosa halijui, lakini kama lipo, nimsamehe. Dereva wa lori akasema nikiuza ile mashine ya kufulia, nimfikirie yeye kwanza. Wote wamepata ujumbe kwenye simu, na ujumbe umetoka kwangu. Kwangu mimi, nisiyejua kuandika hata jina langu.

Nikawaambia ni kompyuta ya mjukuu. Wakacheka wakaenda zao, ingawa Mwalimu mpaka leo ananitazama kwa jicho la kumwangalia mgonjwa.

Mkunga hakuja Ijumaa. Alikuja Jumamosi. Hakuikalia ndoo. Alichukua shuka zake rafuni mwenyewe, akaweka ufunguo wa nyumba yangu kwenye meza ya pasi. Ule ufunguo anao tangu siku nilipoanguka bafuni, ili nikianguka tena asilazimike kuvunja mlango. Nikamwuliza, vipi mwenzangu?

Akasema, "Umeamua, basi."

Nikamwambia sijaamua kitu. Akasema na yeye hana ugomvi. Mtu akikuambia hana ugomvi kwa sauti ile, afadhali angekutukana.

Zile salamu zako za tarehe ya uongo sikumfikishia, niliziona mzaha. Umemwandikia nini? Niambie neno kwa neno. Mikono iliyokupokea wewe ukija kinyumenyume, ndiyo umeiandikia mwisho.

Hujambo lakini? Kula.

Bibi yako


Tarehe 9 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo, na unisamehe kabla hujasikiliza zaidi.

Ujumbe ni huu: "Mteja wetu mpendwa, huduma yako inakoma tarehe 31 Machi. Bei mpya itatumika baada ya hapo. Ukitaka kuendelea nasi, bonyeza hapa. Asante. Dobi." Sikuuandika mimi. Umeandikwa na hiyo programu, ikauona mwisho wa mwezi unakaribia, ikautuma yenyewe.

Nimempigia muuzaji. Nilipiga kwa hasira, nikakata simu sijui nimekasirikia nini. Anasema aliposema hakuna kinachotoka nje alimaanisha ankara, ujumbe wa kukumbusha ni kitu kingine. Akanipongeza. Amesema imefanya kazi vizuri kabisa.

Mkunga nampigia kila siku. Simu inaita, inaita, haipokei. Nenda wewe, Bibi. Mweleze kwamba ni mimi. Mwambie ile tarehe ilikuwa ya kupitia mlango tu. Nikijieleza mwenyewe hapa naona haieleweki, sijui yeye ataielewaje, lakini nenda.

Mjukuu wako


Tarehe 11 Mei

Bibi, shikamoo.

Mwezi umepita sijapata neno lako. Dada wa Pasi ameniambia kwenye simu kwamba u mzima, unakula, na hutaki kuandikiwa barua. Nilipomwuliza habari za Mkunga akasema pasi imeshika moto, akakata.

Ile ya pili nimeifunga. Ya kwanza bado tunapanga siku. Nimerudi kwa ile duni, ya tatu, niliyoipita. Haijui mambo mengi. Inakukumbusha nani amelipa na nani bado, inakuandalia karatasi ya bei, kisha inakaa inakusubiri. Haitumi kitu mpaka mtu aamue kutuma kwa mkono wake. Inakubali sifuri. Tarehe ya mwisho ukiiacha wazi, haiulizi kwa nini. Na chini ya kila jina kuna nafasi ndogo ya maelezo. Kwa Mwalimu nimeandika "asidaiwe mara mbili", kwa dereva nimeandika "grisi".

Wote nimewaingiza. Umebaki mstari wa Mkunga. Nimeuandikia jina tu, nikauacha. Sijui niujaze au niufute. Niambie Bibi, hata kwa neno moja.

Mjukuu wako, Miguu Mbele


Tarehe 24 Mei

Mjukuu wangu, kipenzi changu,

Usiufute.

Hujambo? Sasa ndiyo nina pumzi ya kukuuliza. Mimi sijambo, magoti ni yale yale, na leo mgongo nao umejiunga, sababu utaisikia.

Nilikuwa nimenuna. Baada ya barua yako nilikwenda kwa Mkunga, akanijibu kupitia dirisha kwamba anapika. Nikageuka. Nikajisemea, mwanamke huyu ananijua tangu nikiwa na meno yote, leo aamini simu aache kuamini uso wangu? Basi, nami nikakaa kwangu. Jumamosi zikapita, ndoo tupu. Nikawa nakunja shuka ovyo kwa makusudi, na hakuna wa kunisema.

Juzi napeleka makoti ya kliniki, nikapita nyuma ya nyumba yake. Nikaziona shuka zake kambani, zinachuruzika maji kama zimeokolewa mtoni. Hakuzikamua. Vidole vyake vimekakamaa, haviwezi kukamua hata kitambaa cha vyombo. Mjukuu wangu, ndiyo maana namfulia. Yeye anadhani ni kwa ajili ya vitovu, nami nimemwacha adhani hivyo, maana ukimwambia mkunga kwamba mikono imemshinda, umemuua.

Nikazianua bila hodi. Nikazitupia begani mbichi, maji yakanishuka mgongoni mpaka kwenye viatu. Nikazikamua, nikazianika, nikazipiga pasi mwenyewe, Dada wa Pasi shahidi. Jioni nikampelekea. Safari hii alifungua mlango, akazitazama shuka, akanitazama mimi.

Akasema, "Si ulishanikataa?"

Nikamwuliza lini.

"Ulisema nikitaka kuendelea nibonyeze. Nikabonyeza. Nikabonyeza mpaka kidole kikawaka moto. Hukunijibu."

Akaniletea simu yake. Ni ile ya vitufe, ya tochi. Muuza dawa ndiye aliyemsomea ujumbe, na Mkunga aliposikia "bonyeza hapa" akaona aibu kuuliza hapa ni wapi. Akaenda nyumbani akabonyeza kila mahali, akimaliza anaanza upya, siku nzima. Kitufe cha kupokelea kimezama ndani, hakirudi tena. Ndiyo maana ulipiga hukupokelewa. Alikuwa anaisikia inaita, hana pa kuishika.

Kwa hiyo muda wote huo yeye alikuwa anangoja jibu langu, na mimi nangoja lake. Hatukucheka. Tulicheka baadaye, tulipokaa, na yeye ndiye aliyeanza.

Hiki chombo cha tatu nakitaka. Kitu kinachonyamaza mpaka mwenye nyumba aseme, hicho kinaweza kukaa kwangu. Bado sijui kinafananaje, na ulivyonieleza ndiyo umezidi kunichanganya, lakini kichukue.

Leo ni Jumamosi. Mkunga yuko hapa, juu ya ndoo; hayo ya vidole niliyasema asubuhi kabla hajaja. Ufunguo ameuchukua mezani bila kuomba, na anasema upande wa kushoto wa shuka hii umekwenda kombo. Dada wa Pasi amemsomea barua yako yote, mpaka ile grisi ya dereva. Bei yake weka sifuri. Tarehe iache wazi.

Kwenye ile nafasi ndogo chini ya jina lake, nilimwuliza tuandike nini. Amefikiri, akasema uandike hivi: amebonyeza.

Bibi yako