Kishingo wa Nadhiri

Bahi, 7 Februari 1993

Kwa wifi yangu mpendwa Devota,

Mbukwa wifi. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Dodoma mjini, wewe na watoto, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku hatujambo. Kaka yako Lameck yuko kwenye palizi ya mpunga, mvua Mungu ameileta kwa kipimo.

Wifi, kaa chini kwanza. Kuku wameisha. Mdondo umepita Bahi nzima kama mtu anayefagia. Wale kuku wa kishingo, wasio na manyoya shingoni, alionipa marehemu mama yako siku naingia nyumba hii, ambao watoto na wajukuu wao ndio wamemsomesha Sila, wote nimewafukia nyuma ya zizi. Nilipoona wameanza kusinzia nilipiga magoti mlemle bandani nikasema, Bwana, niachie mmoja tu, na huyo mmoja atakuwa wako, nitamtoa sikukuu ya mavuno. Nilisema kwa sauti, na mwinjilisti Batholomeo alikuwa anapita njiani akaitikia amina. Kwa hiyo shahidi yupo.

Mungu kasikia, ila laiti ningekumbuka kumwambia aniachie mzima. Kaniachia kifaranga ambaye vidole vimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, hasimami, anatembelea magoti. Shingo ni tupu ileile ya kuku wa mama. Kaka yako anasema huyu hata mchuzi hatoi. Lakini mimi siwezi kumpelekea Mungu kitu kinachokata roho, wala sitaki uzao wa mama uishie mkononi mwangu. Hapo dukani kwenu hakuna dawa ya magoti?

Ni mimi wifi yako,
Mama Sila

Dodoma, 16 Februari 1993

Wifi Mama Sila,

Mbukwa sana, na amina. Kifua hakijambo, watoto wanakusalimu shikamoo.

Nimelia habari ya kuku wa mama, kisha nikacheka. Si wewe uliyenicheka Krismasi, nilipokwambia siku hizi watu binafsi wanafungua maduka na mimi nauza chakula cha kuku? Ulisema mbele ya wageni kwamba kuku ana miguu, akatafute mwenyewe. Haya, huyo wako hana miguu, chakula kinamfuata.

Vidole vya namna hiyo ni njaa ya vitamini. Mama yake kafa kabla hajamfundisha kuparua, na wewe nakujua, unampa pumba tupu. Nimempa Yahaya, dereva wa lori la mpunga, mfuko wa chakula cha vifaranga na pakiti ya vitamini, unga wa rangi ya chungwa. Chemsha maji, yapoe, koroga kijiko kidogo kwenye jagi, mnyweshe kidogo kidogo. Kila asubuhi mwaga ya jana, koroga mapya. Twanga na dagaa umchanganyie. Na mweke penye joto, hata ikibidi jikoni.

Usiache kumwombea, lakini maombi yasichukue zamu ya dagaa.

Wifi yako,
Devota

Bahi, 14 Machi 1993

Wifi mpendwa,

Salamu nyingi katika Bwana. Mzigo ulifika, Yahaya ni mwaminifu. Sisi wazima, ila nina jambo la kukuambia na ukilisoma dukani utaaibika, lisomee nyumbani.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Kumwaga yale maji ya jana ndiko kulikonishinda, wifi. Kifaranga anakunywa vitone, jagi linabaki limejaa, na huku kwetu maji hayamwagwi hivi hivi. Nikawa nayafunika kwa kitambaa, naacha mezani hadi jioni nimwagie mchicha.

Alhamisi mwinjilisti Batholomeo kaja kwa ibada ya nyumbani, jua linachoma, mimi niko nyuma ya nyumba natwanga dagaa. Kaka yako kaona jagi, rangi ya chungwa, kitambaa cheupe juu. Akakumbuka ile juisi ya unga uliyotuletea Krismasi. Narudi ndani, mtumishi wa Mungu anamalizia glasi ya pili na kusifu mkono wangu.

Ningenyamaza, ila kumdanganya mtumishi naogopa. Nikamweleza yote. Lameck akatazama dari. Mwinjilisti akaweka glasi mezani taratibu, akaniuliza, "Na kifaranga mwenyewe anaendeleaje?"

Nikamwambia, "Leo amesimama."

Akasema, "Basi na mimi nitasimama." Akafungua Biblia tukaendelea.

Ni kweli wifi, amesimama. Vidole vimekunjuka, ananifuata jikoni, na chakula chako akikiona anakimbia mpaka anajikwaa. Kaka yako siku hizi ndiye anayeulizia kama amekula. Ila niambie, mwinjilisti hatadhurika?

Wifi yako,
Mama Sila

Dodoma, 28 Machi 1993

Wifi yangu,

Niliisomea dukani. Wateja walinizunguka wakidhani nimefiwa, kumbe kicheko. Hatadhurika, labda aote manyoya. Maji ya jana mwaga, wifi, nakusihi.

Sasa nikuambie lililo moyoni. Umesema shingo ni ya kuku wa mama. Mimi sina hata kanga ya mama iliyobaki. Ukimtoa huyo, mtu yeyote atamnunua mnadani nje ya kanisa, na Jumapili hiyohiyo atakuwa sufuriani. Mungu anajua hali zetu. Mpe jogoo mwingine mnono, huyo abaki. Nakuomba kama dada wa mumeo.

Devota

Dodoma, 20 Juni 1993

Wifi,

Hamjambo? Tangu Machi sijaona barua. Yahaya anasema mko salama, kuku hakumwona. Nimekukosea? Au ameshakufa, unanificha?

Wifi yako,
Devota

Bahi, 23 Agosti 1993

Wifi yangu Devota,

Mbukwa, na unisamehe ukimya. Tu wazima wote. Hukunikosea. Maneno yako yalikuwa matamu mno, nikaogopa nikiyajibu nitayakubali. Hata kaka yako alinitafutia jogoo wa Mtera, mkubwa kama mbuzi. Nikamwambia, Mungu hakuahidiwa jogoo wa Mtera.

Jana ilikuwa mavuno. Kishingo amekuwa tetea, mweusi anayeng'aa, miguu imenyooka. Nilimweka kikapuni, nikaketi naye kwenye benchi. Katikati ya mahubiri akaanza kelele, kanisa zima likageuka. Wifi, alikuwa ametaga yai lake la kwanza. Nikamtoa yeye na yai, kwa mikono miwili. Nililia, sitakuficha.

Mnadani yai lilishindaniwa kwa vicheko, akalipata kaka yako, yule yule aliyesema hata mchuzi hatoi. Alipoinuliwa kishingo nikageuza uso. Nikasikia wanapandisha, wanapandisha, mwisho mzee wa kanisa anataja Batholomeo.

Mwinjilisti akamchukua, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama. Unajua desturi yetu, mnunuzi anaweza kumzawadia amtakaye. Akasema mbele ya watu wote, "Huyu mimi siwezi kumla. Tumekunywa jagi moja." Akanipa mikononi.

Kwa hiyo Mungu kapokea chake, na mama yako karudi bandani. Jogoo wa Mtera tayari anamzunguka. Akitotoa, tetea wa kwanza ni wako, Yahaya atakuletea.

Tuma pakiti mbili za vitamini. Moja ya vifaranga. Nyingine mwinjilisti anaulizia.

Wifi yako akupendaye,
Mama Sila